Uliyekwenda ufundi baada ya kidato cha nne, njoo tupeane uzoefu

Baba Neema
Wakuu, salamu. Kijana wa dada yangu anafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii. Juzi katangaza mbele ya ukoo mzima kwamba fomu faivu hataki hata kuisikia, anataka umeme wa magari. Shangazi zake walilia utafikiri kasema anakwenda jela. Mimi nikanyamaza, maana nawakumbuka wenzetu waliopata divisheni foo, walivyojificha ndani matokeo yalipotoka, na leo mmojawao ndiye ninayempigia simu gari ikigoma.

Naomba waliopita huko waseme ukweli. VETA (vile vyuo vya ufundi stadi vya serikali), vyuo vya wananchi, vyuo vya misheni, gereji ya mtaani, popote pale. Mliishije na mlitokaje? Za kutiana moyo wekeni pembeni.

Spana 17
Mkuu umenikumbusha mbali. Mwambie kijana asidhani siku ya kwanza atafungua injini. Sisi tulianza na tupa. Unapewa kipande cha chuma, unaambiwa ukisawazishe pande zote mpaka zikae pembe mraba. Unasugua tangu asubuhi, viganja vinatoka malengelenge. Mwalimu anakuja na skwea yake, anaiegemeza kwenye chuma, anainua juu kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati hata kidogo, hasemi neno, anakirudisha mezani na kwenda zake. Kuna mwenzetu alikisugua mpaka kikabaki kidogo, mwalimu akamwuliza anatengeneza sindano?

Wengi walikimbia kipindi hicho. Waliobaki ndio mafundi.

mchumia_juani
Tupa! Mpaka leo nikiisikia ile sauti meno yananiuma.

Bi Kidato
Baba Neema, jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: asingoje matokeo. Fomu za VETA za kozi ndefu hutoka mwaka uliotangulia, mafunzo yanaanza Januari, na matokeo ya kidato cha nne nayo yanatoka Januari hiyohiyo. Anayesubiri kwanza aone divisheni, anakuta nafasi zimejaa. Kozi nyingi zinapokea hata aliyeishia darasa la saba, kuna mtihani wa kujipima tu. Ajaze sasa. Akifaulu sana akabadili mawazo, si amepoteza pesa ya fomu tu?

Na ada isimtishe. Vyuo vya VETA vyenyewe ni 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni. Kinachouma ni vifaa, ovaroli, viatu na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo.

Msomi Mtata
Samahani wakuu, mimi nitakwenda kinyume. Mtoto akiwa na kichwa mpelekeni fomu faivu. Ufundi upo tu, hata akiwa na shahada atajifunza. Ila akishika spana akiwa na miaka 17 hatarudi darasani tena.

Fyuzi
Msomi, nani kakudanganya? Nilianza NVA ya kwanza, yaani cheti cha ufundi stadi, nikapanda mpaka ya tatu. Kwa cheti hicho na kile cha kidato cha nne nikaingia NTA ngazi ya nne, ile ya kuanzia vyuo vya kati, leo nina diploma. Ngazi zipo zimepangwa, tatizo watu wanadhani ufundi ni shimo ukiingia hutoki.

Msomi Mtata
Na ilikuchukua miaka mingapi? Mwenzako wa fomu siksi alishamaliza chuo.

Fyuzi
Alishamaliza, ndiyo. Na mimi ndiye niliyemfungia umeme nyumbani kwao akiwa bado anazunguka na bahasha. Tuendelee?

Kidawa wa Nyaya
Naomba niseme ya upande wetu wanawake, maana naona mnazungumza kana kwamba hatupo.

Nilipeleka fomu nimeandika umeme wa majumbani. Siku ya kuripoti naangalia ubaoni, jina langu lipo kwenye ushonaji. Nikaenda ofisini, yule baba hata hakuinua macho: "Mwanangu, huko kuna kupanda dari. Utavaa nini?" Nikamjibu nitavaa suruali. Akacheka, akaita mwenzake aje asikie. Nilirudi kesho yake na mama yangu, na mama yangu si mtu wa kupaza sauti, alikaa tu kwenye kiti pale mlangoni na kapu lake. Kila aliyeingia anamwamkia, anauliza anasubiri nini, naye anamweleza mwanzo hadi mwisho kwa upole. Kufika saa sita kila mtu pale chuoni anaijua kesi yetu. Nikahamishwa.

Ushonaji si kazi ndogo, dada yangu anasomesha watoto kwa cherehani. Ila uchague mwenyewe.

mchumia_juani
Huyo mama apewe wizara.

Chuma Chakavu
Mnasimulia ya tupa na ubao. Ngoja niwape ya kwangu, ambayo siisemagi.

Nilisoma uchomeleaji. Tukapelekwa mafunzo kwa vitendo, mimi nikaangukia gereji moja sitaitaja. Pale kulikuwa na fundi kijana, hakusoma chuo chochote, kakulia hapohapo. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mshono anaoupiga yeye unaonekana kama umeshonwa na mashine. Sisi wa chuo tulikuwa tunamkodolea macho tu.

Siku hiyo ikaletwa pikapu ya petroli, tangi linavuja. Mwenye gereji hayupo. Mteja ana haraka, kila dakika anaangalia saa. Anasema tangi halina kitu, limekaa kavu tangu jana. Yule kijana akalishusha, akalitikisa sikioni, kweli halina hata tone. Akavuta mashine.

Mwalimu wetu chuoni alitupigia kelele jambo moja mpaka tukamchoka: liogopeni tangi tupu kuliko lililojaa. Petroli ikijaa, ndani hakuna hewa ya kuiunguza. Ikiisha unabaki mvuke, mvuke unachanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unangoja cheche moja. Hauonekani, na ukishazoea harufu ya gereji huisikii. Nikamwambia kaka, tulisuuze kwanza, halafu tulijaze maji, tuache nafasi ndogo tu pale pa kuchomelea, na mdomo ukae wazi. Akanicheka mbele ya mteja. "Wa chuo, hayo kaandike kwenye daftari."

Nikachukua ndoo hata hivyo. Bomba lilikuwa nyuma ya choo. Maji yalikuwa hayajafika nusu ya ndoo nikasikia mlio, na bati la banda likaruka upande mmoja na kurudi. Kisha kimya, halafu mteja ndiye akaanza kupiga kelele. Tangi lilikuwa limefunguka upande wa pili wa mshono, limekunjuka. Yule fundi katupwa mpaka kwenye benchi la vaisi. Miwani ya kuchomelea ilikuwa imening'inia ukutani, hakuivaa, alikuwa anafumba jicho kama wanavyofanya wengi mtaani.

Jicho moja lilikwenda. Mkono wa kulia ulipona lakini vidole havikunjiki vizuri tena. Mwenye gereji alilipia siku za mwanzo hospitali, baadaye akawa hapokei simu. Hakukuwa na mkataba, hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba yule kijana aliwahi kufanya kazi pale. Sasa hivi anauza spea. Tukikutana tunaongea mpira.

Spana 17
Dah. Pole sana mkuu.

Kidawa wa Nyaya
Ee Mola.

Bi Kidato
Kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Mwajiri angekuwa anachangia, yule kijana angekuwa na haki yake. Ndiyo maana nawaambia vijana waulize mkataba hata kama ni wa gereji ya miti mitatu na turubai.

Mzee wa Dampa
Poleni. Ila kitaalamu maji si lazima. Sisi tunaingiza bomba la ekzosi kwenye tangi, gari inanguruma robo saa, moshi unafukuza mvuke, unachomelea bila wasiwasi. Nimefanya miaka mingi.

Chuma Chakavu
Mzee wangu, yule naye alikuwa amefanya miaka mingi.

mchumia_juani
Na la dizeli je? Naskia dizeli haina neno.

Chuma Chakavu
Dizeli ni mvivu kutoa mvuke ikiwa baridi. Ukipiga moto kwenye bati, yale masalia yaliyoganda ndani yanapata joto na kuanza kutoa mvuke. Lisuuze na lenyewe. Na kama una uwezo, nunua jipya.

Baba Neema
Wakuu naombeni turudi kwenye kijana wangu. Sasa mmenitisha kabisa, shangazi zake wakisoma hapa nimekwisha.

Fyuzi
Turudi. Wa umeme wa majumbani nao wajue cheti peke yake hakitoshi kufunga nyumba za watu kihalali. Kuna leseni za EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zina madaraja, wengi tunaanzia D. Bila leseni unafanya kazi, mwenye leseni anasaini fomu, na pesa mnajua inavyogawanywa. Nimesainiwa sana mimi.

Msomi Mtata
Mnaona? Ndiyo niliyokuwa nasema. Fomu siksi hakuna mtu wa kukusainia.

Spana 17
Fomu siksi hakuna hata cha kusainiwa.

Mwana wa Gereji
Mimi sijasoma kokote, nilianza kuosha spea kwa dizeli nikiwa mdogo. Hawa wa chuo wakija kwetu wanajua kuchora saketi vizuri sana, mpe taa ya breki isiyowaka, anakaa nayo mpaka jioni. Mkuu kijana wako mlete gereji, ada utanunulia toolboksi.

Fyuzi
Na wewe ukipewa gari lenye kompyuta unabandua fyuzi mojamoja mpaka uotee. Tuheshimiane.

Mwana wa Gereji
Naotea na linawaka. Wewe unasoma mchoro na haliwaki.

Bi Kidato
Mwana wa Gereji, usigombane, wewe ndiye unayefaidika zaidi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Wanakuja kukupima unachojua, mapungufu unafundishwa muda mfupi, unapata cheti kinachotambulika. Wapo mafundi wa rika la babu zako walioupata. Ukishika hicho, hata zabuni unaomba.

Mwana wa Gereji
Hii sikuijua. Nakufuata pembeni dada.

Kidawa wa Nyaya
Baba Neema, na vyuo vya maendeleo ya wananchi usivisahau. Vipo 54 nchini, vimetapakaa hadi wilayani. Mdogo wangu alikatisha shule kwa ujauzito, akapokelewa huko na mtoto wake, akamaliza sekondari huku anajifunza upishi na ufundi bomba. Kwa watu wa mbali na mji hivyo ndivyo vilivyo karibu.

Mwalimu Zamu
Naongezea kwa wenye watoto wadogo zaidi. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali ndani ya sekondari, umeanza 2024 na kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule. Mtoto anasoma masomo yake huku anajifunza fani. Ila nendeni mkaangalie karakana kwa macho yenu kabla ya kuchagua. Ombeni mfunguliwe mlango. Muone mashine zina vumbi au zina mafuta.

Spana 17
Hii ya vumbi na mafuta ni ya kuandika ukutani. Hata chuo kipime hivyohivyo. Na muulize wanafunzi wangapi kwa mashine moja. Sisi injini ilikuwa moja, waliosimama nyuma walihitimu wakiwa wameona visogo vya wenzao tu.

Baba Neema
Nimechukua. Jumamosi nakwenda naye kuona karakana, tena nakwenda na shangazi mmoja, yule mkali. Kijana nimemsomesha habari ya tangi, akasema yeye ni umeme si uchomeleaji. Nikamwambia betri nayo ikichajiwa inatoa haidrojeni, akaweka simu chini.

mchumia_juani
Akinunua viatu anunue vya chuma mbele. Raba zitamtoa kidole.

Fyuzi
Mzee wa Dampa, hebu nikuulize, ule moshi wa ekzosi mnatumia wa gari la petroli au la dizeli?

Mzee wa Dampa
Lolote lililopo. Moshi ni moshi.

Fyuzi
Moshi wa dizeli bado una oksijeni tele ndani yake mzee wangu.

Mzee wa Dampa
Kijana, njoo gereji kwangu nikuonyeshe.

Fyuzi
Nitasimama barabarani.