Mkutano wa mtaa unabadili uamuzi, au tunaitwa kutia saini tu?

BintiTanga
Assalaam alaykum wana Tanga. Nina jambo limenikaa rohoni mwezi mzima sasa. Mtaani kwetu kuna uwanja. Watoto wanacheza chandimu, na mtu akifiwa turubai linafungwa hapohapo. Tukaitwa mkutano wa mtaa, Alhamisi saa nne asubuhi, ajenda "maendeleo". Tulifika watu kama arobaini. Karatasi ikapita: jina, simu, saini. Juu haikuandikwa kitu, mistari mitupu. Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kukung'uta kanga wanyanyuke, ndipo tunaambiwa uwanja unajengwa vibanda vya biashara. Mie na mama mmoja tukapinga, tukajibiwa "maoni yamepokelewa". Wiki tatu baadaye mawe yakamwagwa. Tulipokwenda kuuliza, tukaonyeshwa karatasi ileile, safari hii ina kichwa: "Wananchi walioridhia". Jina langu ni la tisa.

Swali langu ni moja. Kuna aliyewahi kuona jambo lililokwishapangwa likabadilika kwa sababu wananchi walisema hapana mkutanoni? Naomba mifano ya kweli.

MzeeWaPongwe
Wa alaykum salaam mwanangu, pole sana. Lakini mie nimekuwa mwenyekiti wa kijiji miaka kumi, niseme ninachokijua. Sheria imempa mwananchi nguvu kubwa. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema hivyo wazi. Shida ni watu. Arobaini, katika mtaa mzima! Nyie wa mjini mnashinda barazani na vikombe vya kahawa toka alfajiri, mnajadili dunia nzima, mpaka Coastal Union ilivyofungwa mnaijua dakika kwa dakika, lakini mkutano ulio hatua mia mbili hamfiki. Mambo yakiharibika ndipo mnalia.

NahodhaSahare
Mzee wangu, umri wako nauheshimu, lakini hilo la kahawa limenichoma. Saa nne asubuhi Alhamisi mie ndio kwanza naingia pwani. Nimekesha baharini na taa, dagaa hawajashushwa, mnunuzi amesimama na ndoo, barafu inayeyuka. Niache mzigo uoze nikasikilize "maendeleo"? Wavuvi wa dagaa tunalala nyumbani siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu. Kila mtoto wa pwani analijua hilo. Anayetaka wavuvi mkutanoni aangalie mwezi. Anayeweka mkutano siku zisizo na mbalamwezi anajua nani hatakuwepo.

Mdau_Usagara
Nahodha kasema kweli tupu. Na hiyo kahawa mzee anayoisema vibaya ndiyo bunge letu. Barazani mtu anasema lililo moyoni, hakuna wa kumkatiza.

MzeeWaPongwe
Kwa wavuvi nimekosea, nahodha, niwie radhi. Kwa kahawa sirudi nyuma. Barazani hakuna muhtasari. Mnachokisema kinaishia kwenye kikombe.

MamaMgandini
Bunge letu la nani, wewe wa Usagara? Sisi wanawake hatumo kwenye hiyo kahawa yenu. Mie nauza mboga sokoni miaka kumi na mitano, habari za barazani nazisikia kwa mume wangu, akikumbuka kuniambia. Na huko mkutanoni ni hivyohivyo. Tunakaa nyuma kwenye mkeka. Mwenyekiti anageuka, "Kina mama mnasemaje?" Hatujafungua kinywa, anageuka tena mbele: "Kina mama wamekubali, tuendelee." Nimeyaona hayo kwa macho yangu, mara tatu. Mara ya tatu nilisimama nikasema hatujakubali. Jioni mume wangu akaambiwa amfunze adabu mkewe.

Mdau_Usagara
Shangazi, sikukusudia hivyo. Lakini kuna baraza za wanawake pia, kwenye vikao vya harusi, kwenye vikoba.

MamaMgandini
Kikoba ni chetu na tunakiendesha vizuri. Ndiyo maana nasema: pale tunaamua fedha zetu wenyewe, kila shilingi imeandikwa kwenye daftari, hakuna anayetusemea. Tunaweza. Mkutanoni ndiko tunakoambiwa tumekubali.

BintiTanga
Jamani, turudi kwenye swali. Mifano.

Barabara20
Dada, mfano mkubwa kuliko wote ni Tume ya Jaji Nyalali. Mwaka 1990 wakazunguka nchi nzima kukusanya maoni. Kama asilimia 80 wakasema chama kimoja kibaki, 20 wakataka vyama vingi. Kikafuatwa kipi? Cha asilimia 20. Maoni yanakusanywa, lakini mwamuzi ni mwingine. Na rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba, mmesahau? Watu walikaa kwenye mabaraza ya katiba mwaka 2013, rasimu ikaja na serikali tatu za Muungano. Bunge Maalumu la 2014 likazirudisha mbili. Kisha kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo kimya.

Chumbageni_1
Tume ya Nyalali iliundwa 1991, sio 1990. Halafu unalalamika vyama vingi vilikuja? Unataka chama kimoja kirudi?

Barabara20
Nimesema wapi nataka chama kimoja? Soma kabla ya kujibu. Nasema ukiwauliza watu, uwaambie mapema jibu lao lina uzito gani. Hilo tu.

Chumbageni_1
Tume ilisema wachache wana haki zao na nchi isisubiri mpaka pavurugike. Hiyo ni busara, sio dharau. Ingefuatwa hesabu ya vichwa, leo usingeandika unavyoandika.

Barabara20
Na ile busara ya 2014 nayo unaitetea? Huko asilimia ya wengi haikutakiwa, huku haikutakiwa, kila mara kuna busara ya mtu mmoja juu. Wewe unatetea kila kinachotoka juu, nimekuona toka zamani.

Chumbageni_1
Usiniseme mimi, sema hoja. Kuhusu 2014 sijasema neno.

Mlungalunga
Mie kwetu Horohoro ila natafuta riziki Mombasa. Wenzetu Wakenya wameandika ushirikishwaji wa umma kwenye Katiba yao ya 2010, na mtu anaweza kwenda mahakamani kwa kukosa kushirikishwa. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitupa sheria yao ya fedha ya 2023, na kasoro mojawapo ilikuwa hiyohiyo. Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha, ni kweli. Lakini angalau serikali ilisimama mbele ya jaji ikaulizwa: mliwasikiliza? Sisi tunamuuliza nani?

Barabara20
Na ule muswada wa fedha wa 2024 haukuondolewa na maoni ya kamati. Uliondolewa baada ya vijana kuingia barabarani na watu kufa. Bei hiyo sitaki tuilipe.

Mlungalunga
Hilo nakubaliana nawe kabisa, ndugu yangu. Nilikuwepo mjini wiki ile. Sitaki hata kuikumbuka.

MzeeWaPongwe
Mwanangu BintiTanga uliomba mfano uliofaulu, nami ninao, wa hapahapa mkoani. Mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza 1994. Kigombe, Kipumbwi, na vijiji vingine vya ufukweni. Wavuvi walikaa wenyewe, wakasema tatizo lao ni nini: baruti, juya, samaki wamepungua. Wakakubaliana mwamba upi ufungwe na upi uendelee kuvuliwa. Mambo hayakuanzia ofisini.

NahodhaSahare
Hapo mzee umenigusa pazuri. Marehemu baba alikuwa kwenye vikao vile. Nikiwa mdogo nilimsikia akibishana nyumbani usiku kucha na ami yangu kuhusu mwamba mmoja, kwa sababu kuufunga maana yake ni mbali zaidi kupiga kasia. Akakubali. Na alipokubali, akaulinda, maana neno lilikuwa lake. Hakuna aliyemletea karatasi tupu asaini. Baruti ilirudi baadaye, nayo ilituumiza sana, lakini ilirudi kwa mikono ya watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye kikao kile.

MamaMgandini
Baba yako Mungu amrehemu. Na mama yako aliulizwa? Wanaochokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka ni wanawake.

NahodhaSahare
Kusema kweli sijui kama aliulizwa, shangazi. Yupo hai, nitamuuliza leo.

Wakili_Raskazone
Naomba niweke sawa jambo, kwa sababu mzee alianza na sheria na wote tukaipita tukakimbilia kahawa. Sheria ya 1999 ni ya ardhi ya vijiji. Dada kaeleza uwanja wa mtaa, mjini. Ulinzi ule haumfikii. Na hata kijijini nguvu hiyo ina mpaka. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhawilishwa, yaani kuondolewa mikononi mwa kijiji, kwa matumizi ya umma, mkutano mkuu una neno la mwisho ikiwa eneo halizidi hekta 250. Likizidi, mkutano unatoa mapendekezo tu, mwamuzi ni Waziri. Tafakarini: kadiri ardhi inavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya mwenye ardhi inavyokuwa ndogo. Mradi mdogo mtaukataa. Mradi mkubwa mtapendekeza.

MzeeWaPongwe
La hekta nilikuwa nalijua, ila sikulitaja. Umenisahihisha vizuri. Lakini kijana, ina maana binti hana pa kushika?

Wakili_Raskazone
Anapo. Mkutano wa mtaa lazima uwe na muhtasari. Mahudhurio ni kitu kimoja, kuridhia ni kitu kingine. Dada, andika barua kuomba nakala ya muhtasari, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama pingamizi lako halimo, au ajenda ya uwanja haimo, hilo ndilo la kupeleka kwa diwani na juu zaidi. Tafuta na wenzako waliosaini, waandike walisaini nini. Sauti yako peke yako wataiita chuki binafsi.

Chumbageni_1
Bado Barabara20 hajaniomba radhi.

BintiTanga
Barua nimepeleka leo asubuhi, muhuri ninao. Mama aliyepinga nami ameandika maelezo yake kwa mkono. Tumebaki kuwatafuta wengine. Nimegonga milango sita. Wanne wamesema hawataki maneno, wawili hawakuwepo. Siwalaumu, kila mtu ana watoto wa kulisha. Ila uwanja ule mama yangu aliswaliwa pale, kabla ya kupelekwa makaburini. Siwezi kunyamaza.

FundiBaiskeli
Nasoma toka juzi, sikutaka kuandika. Mimi ni jina la kumi na nne. Nilisaini nikidhani ni ya soda, kwa sababu mkutano uliopita tulisaini hivyohivyo tukapewa soda. Hakuna aliyeniuliza kuhusu uwanja, na ningeulizwa ningekataa, mwanangu anacheza pale kila jioni. Nifike wapi nikaandike?

BintiTanga
Njoo baada ya magharibi, duka la kona linalouza mafuta ya taa. Kalamu ninayo.