Wachina walikosea kuitupa Wubi wakakimbilia pinyin?

Mtu wa Ubungo: Wakuu naomba tujadili hili. 1983 Wang Yongmin wa Henan alitoa Wubi, njia ya kuchapa Kichina kwenye kompyuta, unachapa herufi kwa vipande vyake, batani zisizozidi nne imetoka hata kama hujui inatamkwaje. Leo karibu kila mtu China bara ni pinyin, unaandika sauti kwa abc halafu unachagua kwenye orodha, matokeo yake msomi wa chuo ukimpa kalamu anakwama katikati ya neno. Walikosea au?

Chuma Mboga: Kosa lao moja tu, wangeachana na hiyo michoro wachukue abc kama sisi, mambo yakaisha 😂

Binti Pate: "Kama sisi" nani? Tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu mzungu hajaleta abc yake shuleni. Babu yangu kaandika barua hivyo mpaka anakufa, kasha limejaa na hakuna mjukuu anayeweza kusoma hata bahasha. Hayo ndo mambo yakaisha?

Chuma Mboga: Dada punguza jazba, mi naongelea kompyuta.

Fundi Kimya: Kompyuta yenyewe huijui. Orodha yao rasmi ya herufi za kompyuta ya 1980, GB 2312, ina herufi 6,763. Ukichora kila moja kwa nukta 24 kwa 24 inakula baiti 72, zidisha, kilobaiti 487 hivi. Kompyuta ya Apple II ya 1977 ilianzia kumbukumbu ya kilobaiti 4! Kuchapa ni shida ya pili, ya kwanza utaziweka wapi. Ndo maana mi namheshimu Wang Xuan wa Chuo Kikuu cha Peking, yeye alihifadhi umbo la herufi kihesabu badala ya kubeba nukta zote.

Mzee Kibatari: Na bado hazikutosha, ile herufi Rong ya jina la Zhu Rongji haikuwemo kwenye orodha, waziri mkuu wao mzima enzi hizo jina lilikuwa linaungwaungwa magazetini

Chuma Mboga: @Binti Pate kwani Kiarabu si cha kukopa pia?

Binti Pate: Na abc umeichimba Tabora?

Mtu wa Ubungo: Jamani Wubi...

Fundi Kimya: Hiyo Wubi unaililia peke yako mkuu. Taiwan walikuwa na Cangjie, nayo ya kuchapa kwa vipande, tangu 1976, na Chu Bong-Foo aliyeibuni akaachia hataza (haki ya uvumbuzi) 1982, bure kabisa.

Chuma Mboga: Dada hilo kasha liko wapi? Nina mzee Tanga anasoma hizo hati.

Binti Pate: Lamu. Na usijifanye mwema sasa hivi.