Mtoto kupimwa "aina yake" shuleni: inamsaidia au inamfunga?

Mama Buzuruga: Shule ya mwanangu wa darasa la tano imetuletea fomu. Kila mzazi alipie kipimo, ijulikane mtoto anajifunza kwa kuona, kusikia au kutenda, kisha apangiwe mkondo. Ni jambo la kweli au tunachangishwa tu?

Mwalimu wa Hesabu: Fleming, mwalimu wa New Zealand, ndiye aliyeeneza hojaji ya namna hiyo miaka ya 1990, naye alikubali wengi ni mchanganyiko. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa "aina yake" anafaulu zaidi. Ramani lazima aione, shairi lazima alisikie. Somo ndilo linaloamua. Usilipe.

Mzee wa Nyegezi: Mwalimu, watoto hawafanani. Hawa wa mwaloni, pale soko la samaki, ni wa kutenda, ukiwakalisha na kitabu unawatesa. Wapelekwe ufundi mapema.

Binti Kirumba: Shikamoo mzee, ila "hawa wa mwaloni" ndio kina nani? Nimekulia hapo, mama anauza dagaa kwa sado. Alfajiri naanika, mchana niko dawatini. Mteja akichukua sado tatu na nusu, bei nishaipata kichwani kabla hajafungua pochi. Hakuna mwalimu aliyeniuliza kama napenda hesabu. Walishaamua.

Baba Wawili: Wangu mkubwa ni mkimya, ripoti inasema "hashiriki". Thomas na Chess, madaktari wa akili wa New York waliofuatilia watoto tangu 1956, walisema wapo wanaochelewa kuzoea. Mpe muda, anafunguka.

Mzee wa Nyegezi: Marahaba. Sikumtukana mtu, binti. Mimi fundi mitumbwi, nimesomesha kwa randa. Ufundi unaudharau wewe.

Mwalimu wa Hesabu: Mzee, mtumbwi wenyewe ni vipimo. Huyo mtoto utamnyimaje hesabu?

Mama Buzuruga: Jamani, fomu yangu?

Binti Kirumba: Siudharau, mzee. Nakataa mtoto wa miaka kumi kuchaguliwa maisha kwa sababu mama yake ananuka samaki.

Mzee wa Nyegezi: Hilo la kunuka umelisema wewe. Nijibu: wa kwako utampeleka VETA, chuo cha ufundi?

Binti Kirumba: Amalize kidato cha nne kwanza. Akitaka mwenyewe, ada nalipa mimi.