Kikundi cha ukoo, siku mbili kabla ya fainali ya Ireland ya mpira wa Gaelic: kaunti yetu ya Mayo na kaunti ya Tyrone

Alhamisi, 9 Septemba 2021

Baba Mdogo (Dublin): Shemeji, wewe na wanao nawapenda, lakini kombe Jumamosi linakwenda Tyrone. Nasema mapema.

Kaka: Baba Mdogo, bado una machungu ya nusu fainali ya tarehe 14 Agosti.

Baba Mdogo: Ninayo, sikatai. Dublin tumebeba kombe miaka sita mfululizo, 2015 hadi 2020. Mapumziko tunaongoza 0-10 kwa 0-4, nikaenda zangu jikoni kuinjika chai nikijua tumemaliza.

Kaka: Halafu muda wa nyongeza hamkupata hata pointi moja. 0-17 kwa 0-14, Mayo tukapita.

Shangazi (Mombasa): Jamani, hiyo sifuri ya mbele ni ya nini? Nawasoma tu siambulii kitu.

Mimi: Shangazi, namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Mpira ukiingia wavuni ni goli, thamani yake 3. Ukipita juu ya mtambaa panya, katikati ya nguzo mbili, ni pointi 1. Unaupiga kwa mguu, au kwa ngumi.

Shangazi: Kwa hiyo timu yenu ilimtoa bingwa bila goli hata moja? Ahsante, sasa nimeelewa.

Baba Mdogo: Shangazi yenu ameishika hoja yangu bila kujua. Tazameni nusu fainali ya Tyrone na Kerry: 3-14 kwa 0-22. Kerry wamefunga mara 22, Tyrone mara 17 tu, na Tyrone ndio walioshinda, kwa yale magoli matatu. Mayo nusu fainali hawana goli. Fainali ya Desemba 2020 na Dublin, wakafungwa 2-14 kwa 0-15, hawana goli. Utachukuaje kombe kwa pointi tupu?

Mama: Shemeji, Galway tuliwafunga magoli mawili fainali ya mkoa wetu, Connacht. Usichague mechi.

Kaka: Na haya yote bila mfungaji wetu Cillian O'Connor, ameumia tangu kwenye ligi. Wakasema bila yeye nani atafunga. Ryan O'Donoghue na Tommy Conroy wamejibu.

Baba Mdogo: Conroy namvulia kofia. Vijana hao hawana kumbukumbu mbaya, ndiyo silaha yenu.

Kaka: Halafu sisi tumepumzika wiki nne. Tyrone korona iliwaingia kambini hadi nusu fainali yao ikasogezwa, wamepata wiki mbili tu.

Baba Mdogo: Wiki nne bila mechi si pumziko, mwanangu. Wewe mwenyewe ukikaa wiki mbili bila kucheza pale klabuni unarudi mguu mzito. Mama yako shahidi.

Mama: Hilo kweli.

Mimi: Mimi siangalii magoli wala wiki. Naangalia ule mkwaju wa mita 45 kwenye nusu fainali na Dublin. Muda wa kawaida umeisha, tuko nyuma pointi moja, kipa wetu Rob Hennelly anatoka golini kwake kuja kupiga. Anakosa. Mwamuzi anasema urudiwe, Dublin wamesogea karibu. Anauweka mpira tena chini, anapiga, unapita katikati. Timu ya laana haipati bahati hiyo.

Bibi (Mombasa): Laana gani tena mjukuu wangu?

Mimi: Bibi, Mayo walichukua kombe mara ya mwisho 1951. Inasimuliwa kwamba wakiwa njiani kurudi nalo walipita mji wa Foxford kuna maziko, wao juu ya lori wanashangilia, hawakusimama. Padri akasema hawatalichukua tena mpaka wa mwisho wa kikosi kile afariki. Amebaki mmoja, Paddy Prendergast. Tangu 1989 tumefika fainali mara kumi, zote tumeshindwa. 2013 kwa pointi moja. 2016, baada ya kurudiana, moja. 2017, moja.

Bibi: Na waliwahi kurudi kwa wafiwa kuomba radhi?

Mimi: Sijui Bibi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo.

Bibi: Maiti husimamiwa. Hata kama kisa ni cha kutunga, wangekwenda tu.

Mama: Mimi laana siitaki hata kuisikia. Huyo mzee wa watu aishi miaka mia. Vijana hawa hawalipwi hata senti, wanatoka kazini jioni wanakwenda mazoezi, halafu wakikosa tunawabebesha maziko ya 1951.

Baba Mdogo: Hapo shemeji niko nawe.

Kaka: Mzee jirani ametundika bendera leo. Ile ile ya 1989. Nyekundu imekwisha kuwa waridi. Nimemshikia ngazi.

Mimi: Anasema 1951 alikuwa na miaka minane, aliliona kombe akiwa mabegani mwa baba yake. Nusu fainali hakuweza kutazama dakika za mwisho, alisimama nje ukutani, akajua tumesawazisha kwa kelele zetu.

Bibi: Ana watu wake?

Mama: Wako Uingereza, Mama. Jumamosi tumemwalika, nitapika pilau.

Shangazi: Saa ngapi hiyo mechi?

Kaka: Saa 11 jioni kwetu, kwenu saa 1 usiku.

Jumamosi, 11 Septemba 2021

Baba Mdogo: Nawaona. Lee Keegan wenu huyo miguu yake haizeeki.

Kaka: PENALTI yetu

Kaka: Amekosa.

Shangazi: Kakosa nani?

Mama: O'Donoghue. Mtoto wa watu. Nyamazeni kidogo.

Baba Mdogo: Tyrone wamefunga, goli la McShane, sasa la McCurry. Nilisema magoli, natamani nisingesema.

Mimi: Imeisha. Tyrone 2-14, Mayo 0-15.

Kaka: Hesabu ile ile ya Desemba. Ile ile kabisa.

Baba Mdogo: Poleni sana. Kwa moyo wote. Nilitaka nikosee.

Bibi: Mzee jirani amekula?

Mama: Sahani ya pili hiyo, Mama. Ameuliza ligi inaanza lini.

Kaka: Ameniambia bendera isishushwe usiku, nimfuate kesho asubuhi na ngazi.