Kwa nini kaunti igharamie sanaa ilhali dawa hazitoshi?

Mkazi wa Umoja:
Hamjambo wadau. Katika kikao cha maoni kuhusu bajeti, vijana wa kikundi cha maigizo waliomba kaunti itenge fedha za kukarabati kumbi za mitaa, na wengi wetu tukaguna. Zahanati ninayoitegemea huniandikia dawa nikanunue nje. Je, ni haki ushuru wangu uende jukwaani? Msanii mwenye kipaji si atajitegemea kwa tiketi, kama mwenye kibanda anavyojitegemea?

Mwalimu wa Fasihi:
Ndugu, hoja ya dawa ni nzito. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho pamoja na afya, kwa hivyo vijana hao hawakuomba hisani. Kuhusu tiketi, ingia siku moja katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, kati ya barabara za Moi na Tom Mboya. Ghorofa ya chini ina vinyago, vitambaa na mapambo aliyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Serikali iliununua mkusanyiko huo, na leo hata mchuuzi anayesubiri matatu anaweza kuutazama kwa ada ndogo. Soko pekee lingeupeleka sebuleni kwa tajiri, pengine ng'ambo.

Fundi wa taa:
Mimi niseme la kazi. Mtazamaji hulipia saa mbili anazoziona. Majuma ya mazoezi hayalipiwi na yeyote. Vikundi vinavyoigiza vitabu teule hupata riziki kwa kuwa shule huleta mabasi mazima ya wanafunzi, lakini mchezo mpya ulio nje ya silabasi hauna bahati hiyo, na mtunzi akikosa kodi ya chumba cha mazoezi, kazi yake huishia daftarini. Ukumbi wenye paa lisilovuja, nyaya zinazohimili taa na ada nafuu ungetuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo. (Tena asubuhi akina mama wa chama hukutana humo humo.)

Msomaji wa Kawangware:
Nakubali, ila kwa tahadhari. Mwaka 1977 serikali iliupiga marufuku mchezo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kisha ikamweka mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Fedha ziende kwenye kumbi na maktaba, wala afisa asipewe mamlaka ya kuchagua kinachoigizwa, la sivyo tutagharamia nyimbo za kuwasifu wakubwa.

Mkazi wa Umoja:
Nimewaelewa, ingawa dawa bado nitazidai. Ombi la ukarabati hupelekwa wapi?

Mwalimu wa Fasihi:
Kwa mwakilishi wadi na kwa kamati ya bajeti ya bunge la kaunti, kwa maandishi. Makadirio hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, kwa hivyo wahini mapema, mkitaja ukumbi wenyewe na kilichoharibika.