Mawakala wa tiketi Tanga, acheni kuwauzia watu masaa ya uongo

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu anatoka Tanga kwenda Guangzhou kufuata mzigo, anauliza safari inachukua muda gani, anajibiwa "masaa 21". Yametoka wapi? Wakala kachukua saa ya kufika akatoa saa ya kuondoka, basi. Hajali kwamba China iko mbele yetu masaa 5 na Dubai, anakobadilisha ndege, saa 1.

Chukua ratiba ya mfano. Ndege inaondoka Dar 16:30, inatua Dubai 23:00: hapo ni masaa 5 na nusu, si 6 na nusu. Kusubiri, masaa 3 na nusu. Inaruka 02:30, inatua Guangzhou 13:45. Toa masaa 4 ya tofauti kati ya Dubai na China, hewani ni masaa 7 na robo. Jumla 16 na robo. Wakati wa kurudi kosa hilohilo linageuka: kuondoka Guangzhou 00:15, kufika Dar 14:45, abiria anaambiwa "14 na nusu tu". Ni masaa 19 na nusu! Mgonjwa wa sukari anayepangia dawa na chakula hesabu hiyo mnampeleka wapi?

Na hizo kilomita 8,700 mnazonakili mtandaoni ni za moja kwa moja. Kupitia Dubai ni karibu 4,000, halafu 5,800. Ukigawa 8,700 kwa mwendo wa 900 kwa saa, unapata muda wa safari ambayo abiria hakuinunua. Kurudi kuna upepo mkali wa huko juu unaovuma kutoka magharibi, ndiyo maana Guangzhou–Dubai inakula zaidi ya saa nzima kuliko kwenda.

Linalouma zaidi ni tarehe. Tiketi imeandikwa tarehe 15, 01:30. Kwa Kiswahili hiyo ni saa saba na nusu usiku wa KUAMKIA tarehe 15. Wakala anasema "unaondoka tarehe 15 usiku". Abiria anapanda basi stendi ya Kange, Tanga, asubuhi ya tarehe 15, ndege ilishaondoka, nauli imekwenda na maji. Alitakiwa atoke Kange asubuhi ya tarehe 14: Segera, Chalinze, kilomita kama 350, masaa 6 barabara ikiwa nyeupe. Anashushwa Mbezi wakati uwanja uko Kipawa, na foleni ya Dar mnaijua. Mashirika mengi hufunga dirisha la mizigo saa nzima kabla ya ndege kuruka, na pale hakuna cha "nimetoka Tanga".

Mwandikieni mteja nyuma ya karatasi ya tiketi, kwa Kiswahili: masaa halisi ya safari nzima, na "uwe uwanjani tarehe 14, saa nne na nusu usiku". Hela yake mmeshachukua, na kalamu mnazo.