Mrejesho: mtutu wa Browning Auto-5

Wakuu, niliuliza kama fundi aukate mtutu wa shotigani yangu ya Ubelgiji, geji 12 (kipimo cha tundu la mtutu), nyuzi za kufungia choki, yaani kibano cha mdomoni kinachopunguza kutawanyika kwa marisawa (vigololi vya shotigani), au nitafute mtutu mwingine. Nimenunua mwingine, wa Japani, wenye choki za Invector, zile za Browning za kufunga na kufungua. Sababu ni bata: huku Marekani marisawa ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini tangu 1991, na ya chuma yanaweza kuvimbisha mitutu ya Ubelgiji pale choki yake ya kudumu inapoanza kubana. Tena fundi alipima mdomo wa ule wa zamani, akakuta ukuta mwembamba mno kukatwa nyuzi. Mpya umeingia vizuri; tumekwangua kidogo tu mbao ya mbele, ile ya kushikia chini ya mtutu. Kwa marisawa ya chuma nafunga choki ya kati, ya kubana kiasi, maana hayabonyei kama ya risasi, hivyo hayatawanyiki sana. Wa zamani sijauuza, nautumia kulenga visahani vya udongo. Asanteni sana, mmeniokolea bunduki.